Mpaka Uliopita Jikoni kwa Bwana Pegler

Hoxley Parva ni kijiji cha nyumba sitini na mbili, kanisa moja, baa moja, na wanahistoria wasiohesabika. Kila mtu hapa anajua ni nani aliyepanda mti upi na ni babu wa nani aliyeanguka kutoka juu yake. Lakini mwanahistoria mwenyewe, mwenye vitabu, alikuwa mmoja tu. Bwana Wilfred Pegler alikuwa na miaka themanini na mmoja, na nusu ya miaka hiyo aliitumia kuandika historia na jiografia ya parokia yetu. Juzuu ya kwanza iliishia mwaka 1400, ya pili ikaishia 1800. Ya tatu tulikuwa tukiingoja kwa hofu, maana ndiyo ingeanza kuwataja wazee wetu kwa majina.

Mimi ni karani wa baraza la kijiji. Naandika mihutasari, natunza funguo za ukumbi na daftari la makaburi. Nilizaliwa maili tisa kutoka hapa, nikaolewa hapa nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa nina hamsini na mmoja. Bado ni mgeni. Bwana Pegler alizoea kunitambulisha hivi: "Huyu ni Lorna, karani wetu. Si wa hapa, lakini anajitahidi." Nilikuwa namchukia kwa utaratibu, asubuhi kidogo na jioni kidogo, kama mtu anavyomeza dawa.

Kijiji kiko bondeni. Maji yako futi sita tu chini ya majani, kwa hiyo hatuwezi kumzika mtu juu ya mwenzake; kila maiti inahitaji mahali pake, na mahali pamebaki patano. Kusini kuna kijito cha Sallow, na ng'ambo ya Sallow kuna Hoxley Magna. Kwa Kilatini Magna ni kubwa na Parva ni ndogo. Magna ina nyumba kumi na tisa. Sisi tulikua, wao wakapungua, lakini majina hayakuguswa, maana hapa kubadilisha jina ni kazi nzito kuliko kubadilisha ukweli wenyewe. Magna nao wana makaburi yao, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori yakipita maua ya marehemu hutikisika.

Mwaka 1998 Bwana Pegler alilitungia baraza Kanuni ya Nne. Alikuwa amechoshwa na watu wa London wanaonunua nyumba hapa, wanakuja Jumamosi na mbwa wao, wanaondoka Jumapili, halafu wanaomba wazikwe chini ya ukuta wa kanisa kana kwamba walizaliwa hapa. Kanuni inasema kwamba atazikwa Hoxley Parva mtu yule tu ambaye usiku wake wa mwisho nyumbani alilala ndani ya mpaka wa parokia, na kwamba hakuna kumwekea mtu nafasi.

"Wanataka kulala hapa milele," alisema siku ile barazani. "Waanze kwanza kulala hapa Jumanne."

Tulicheka, tukapiga kura, ikapita.

Mkewe, Enid, alifariki miaka sita iliyopita. Amezikwa karibu na ukuta, na kushoto kwake kuna kipande cha majani kisicho na mtu. Kila Jumapili baada ya ibada Bwana Pegler alikwenda kusimama pale. Hakusimama mbele ya kaburi. Alisimama kwenye yale majani, mikono mfukoni, kama mtu anayejaribu koti dukani. Nafasi hakuweza kuiweka, kanuni ni yake mwenyewe, lakini sote tulijua ni ya nani, na hakuna aliyethubutu kufa akazikwa pale.

Sasa, Clive Tanner. Clive alisambaza magazeti katika vijiji vyote viwili kwa miaka thelathini, na aligonga kengele za kanisa letu kila Jumapili. Yeye na mkewe Rosalind waliishi ng'ambo kidogo ya Sallow, upande wa Magna. Alipokufa, mwezi wa kumi, Rosalind alikuja barazani kwa unyenyekevu kuomba mumewe azikwe kwetu. Bwana Pegler alikunjua ramani mezani.

"Ni hatua arobaini na moja kutoka ukingo wa kijito," alisema. "Nimepima jana."

"Umepima jana?" Rosalind aliuliza. "Mume wangu amekufa juzi, wewe jana unapima bustani yangu?"

"Ndiyo, bibi. Ili nisikosee."

Mimi niliandika hayo yote katika muhtasari. Clive akazikwa Magna, kando ya malori. Rosalind akarithi kazi ya magazeti, na tangu siku ile gazeti la Bwana Pegler halikufika mlangoni tena. Lilitua kwenye maua, upande wenye maji.

Mwezi wa tano tuna Jumapili ya Mipaka. Kasisi anaombea mashamba, halafu kijiji kizima kinazunguka mpaka wa parokia kikiwa na fimbo mbichi, na kila jiwe la mpaka tunalichapa ili tusilisahau. Zamani watoto waligeuzwa miguu juu, wakagongwa kichwa polepole kwenye jiwe, wakumbuke mpaka hadi uzeeni. Watu wa bima wamekataza. Siku hizi anachukuliwa mgeni wa karibuni kuliko wote, anakalishwa juu ya jiwe kwa kishindo. Nimekalishwa mimi kwa miaka ishirini na minane. Wako waliokuja baada yangu, lakini hao ni wa Jumamosi, na wa Jumamosi hawajafikia hata daraja la kuitwa wageni.

Mwaka uliofuata kifo cha Clive, Bwana Pegler alikuja na bahasha. Ofisi ya nyaraka ya mkoa ilikuwa imempelekea nakala ya matembezi ya mpaka ya mwaka 1764, iliyoandikwa kwa mkono, kwa hati ile ya kale yenye mikia. Hakuna mwingine kijijini aliyeweza kuisoma hata mstari mmoja.

"Na wewe umeshaisoma, Wilfred?" aliuliza Philippa Garside, mwenyekiti wetu, mama mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Mpaka hausomwi mezani, Philippa. Husomwa kwa miguu. Tutasoma tukitembea, jiwe kwa jiwe, kama wao walivyotembea."

"Je, ukikuta jambo?"

"Jambo gani? Mpaka naujua kuliko mkono wangu."

Mtu wa mahali pengine angekaa na karatasi zake nyumbani, akazipitia kwanza, akajua la kusema na la kunyamazia. Bwana Pegler aliona hiyo ni hila. Kwa hiyo tukatoka, watu thelathini na kidogo, mbwa wanane, yeye mbele na karatasi, mimi kando yake na daftari.

Mawe manne ya kwanza yalikuwa pale pale. Mzee aling'aa. Kila tulipofika alisoma kwa sauti, "Kutoka kwenye mti wa miiba, fuata ukingo wa shamba la kasisi," na tukawa tunaona ukingo, tunaona shamba, watu wanapiga makofi. Mimi nikakalishwa. Kisha tukafika jiwe lililopasuka, ng'ambo ya daraja la Sallow, na hapo akasoma: "Kutoka jiwe lililopasuka, shika mkono wa kushoto, ufuate maji."

Maji yalikuwa mkono wa kulia.

Akasoma tena kimoyomoyo. Watu wakaanza kunong'ona. Mkono wa kushoto kulikuwa na malisho tu, na katikati ya malisho bonde dogo refu linaloota matete, ambalo sisi tunaliita Shimo la Bata.

"Mwaka 1811," alisema polepole, "mwenye kinu alikinyoosha kijito. Hilo nalijua. Nimeandika. Nilidhani mpaka ulihama pamoja na maji."

"Basi haukuhama?" aliuliza Philippa.

"Karatasi haisemi kwamba ulihama."

Tukaacha kijito, tukafuata Shimo la Bata, matope hadi magotini. Bonde lile lilipinda, likavuka njia, likapita nyuma ya nyumba moja ya mawe. Mlangoni pa nyumba hiyo alisimama Rosalind Tanner, amekunja mikono. Hakuwa amekuja kutembea nasi. Alikuwa amesimama kwake.

Bwana Pegler alisoma, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Pita nyuma ya nyumba ya mwashi, nyumba ikibaki Parva."

"Soma tena," alisema Rosalind.

Akasoma tena.

"Nyumba ya mwashi ni ipi?"

"Ni hii yako, Bi Tanner. Mwashi alikuwa akiitwa Sprague. Yumo kwenye juzuu ya pili."

"Kwa hiyo Clive alikuwa wa hapa."

"Alikuwa wa hapa."

"Alilala hapa usiku wake wa mwisho."

"Ndiyo. Nimekosea, bibi."

"Aa, umekosea," alisema Rosalind. "Mtu ameshaoza, ndiyo kwanza unakosea. Asante sana, mzee."

Philippa alisema labda sasa turudi ukumbini, chai iko tayari, na keki zitakauka. Nilidhani Bwana Pegler angeshukuru. Lakini alisema mpaka haukatizwi katikati, na akashika njia. Rosalind akachukua fimbo iliyokuwa imelala ukingoni, akatufuata. Nadhani alitaka tu kumwona akitembea.

Shimo la Bata liliendelea kati ya miti, likavuka kijito na kurudi upande wetu, likawa dogo, likawa alama tu kwenye majani. Likaelekea kwenye ua wa nyumba nyeupe yenye bomba refu la moshi. Nyumba hiyo ni ya akina Pegler. Bwana Pegler alizaliwa humo, na baba yake, na baba wa baba yake.

Alisimama kwenye geti. Kidole chake kilikuwa chini ya mstari mmoja, hakisogei. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Na nitasema ukweli: mimi niliyemchukia asubuhi na jioni, nilitamani afunue ukurasa. Ruka, mzee, niliwaza. Sema chochote. Nani atajua? Hati ile kwetu sisi ni mikia ya panya.

Akasafisha koo. "Kisha pita ndani ya nyumba ya mjane Hobday," alisoma, "kupitia tanuri yake ya mkate, moto ukibaki Magna, majivu yakibaki Parva."

"Nyumba ya Hobday ndiyo ipi?" aliuliza mtu nyuma.

"Ndiyo hii," alisema Bwana Pegler.

Rosalind alicheka mpaka akakaa juu ya ukuta. Alifuta macho kwa mkono wenye matope. "Haya, fungua mlango, mzee wangu," alisema. "Tunapita. Mpaka haukatizwi katikati."

Akafungua. Watu thelathini na kidogo na mbwa wanane walipita jikoni kwake na mabuti yao. Tanuri ya mkate haipo tena. Babu yake aliivunja, akatoboa ukuta, na kwa nyuma akafanya stoo ya chakula. Kwa hiyo tulipita ukutani, tukaingia stoo, kati ya mitungi ya jemu na achari, na kwa kuwa stoo haina mlango wa nje tukatokea dirishani. Mwenyekiti alikwama kwenye mlango mdogo wa stoo. Wanaume wawili wakamsukuma kutoka Magna, na kasisi akamvuta kutoka Parva, huku Philippa akisema, "Taratibu jamani, taratibu, mimi si gunia!" Kila mtu alicheka isipokuwa mwenye nyumba. Yeye alikuwa jikoni, anatazama. Jiko, sebule, ngazi, chumba cha kulala cha juu: vyote viko upande wa moto. Parva alikuwa na stoo tu.

Wiki ile ile baraza likakutana. Watu hawakuwa na roho mbaya, wengi walitaka jambo liishe kimya. Philippa alisema tuongeze mstari mmoja kwenye Kanuni ya Nne kuhusu nyumba zilizokatwa na mpaka, tunywe chai, twende nyumbani.

"Hapana," alisema Bwana Pegler.

"Wilfred, ni kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nasema hapana. Clive Tanner hakuongezewa mstari."

Rosalind alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mahali pa wananchi. "Na Enid je?" aliuliza. "Enid wako alilala wapi usiku wake wa mwisho?"

Philippa alisema hayo si mazungumzo ya kibinadamu. Lakini mzee aliinua mkono.

"Juu," alijibu. "Alilala juu, upande wa Magna. Amezikwa kwa kosa. Karani, tafadhali andika hivyo."

"Basi mkeo ni mgeni pale," alisema Rosalind.

"Ni mgeni pale," alisema yeye. Sijawahi kuona neno likimtoka mtu kwa taabu namna ile. Niliandika, na wino ukanilowesha kidole kwa sababu nilikuwa nimeikaba kalamu.

Wafu hawahamishwi, hilo lilikubaliwa bila kura. Enid angebaki alipo, na Clive angebaki alipo. Swali lilikuwa la mzee peke yake, na sasa lilikuwa wazi kwa kila mtu: akifa kitandani mwake atapelekwa kwenye malori, na Enid atabaki ukutani peke yake mpaka mtu mwingine apewe yale majani.

Siku ya pili nilimkuta anateremsha kitanda. Si kile kikubwa cha juu, kile hakitoki chumbani mpaka uvunje ukuta. Kilikuwa kitanda chembamba cha chuma, cha marehemu kaka yake. Alikuwa anakiburuta ngazini peke yake, nikamsaidia kwa hasira.

"Unakipeleka wapi?"

"Stoo."

"Bwana Pegler, stoo ile ilijengwa kuhifadhi siagi isiyeyuke."

"Najua. Nimeandika."

Kitanda hakikutosha. Stoo ina futi tano na nusu. Aling'oa mlango mdogo, akakiingiza mpaka kikagota ukutani, na nusu futi ikabaki nje, jikoni. Akachukua utepe wa kupimia, akajilaza, akaniomba nipime.

"Kichwa kiko Parva," nilisema. "Moyo uko Parva. Magoti yako Parva. Nyayo ziko Magna."

"Kanuni haisemi nyayo."

"Kanuni haisemi kichwa pia."

Alifikiri, na usoni alikuwa na wasiwasi wa kweli. Nikamwambia akunje miguu. Akakunja. Tangu siku hiyo mzee wa miaka themanini na mmoja, mwenye juzuu mbili zilizochapishwa, alilala amejikunja kati ya achari na jibini, ili afe akiwa mkazi. Kijiji kilicheka majira yote ya joto. Kwenye baa waliulizana kama ameshaiva. Mimi pia nilicheka, lakini nilipokuwa peke yangu kicheko hakikuja.

Kwa Rosalind alikwenda mwezi wa sita. Nilikuwa pale, nimepeleka fomu. Alivaa tai. Akampa karatasi moja iliyopigwa chapa vizuri, na Rosalind akaisoma kwa sauti: "Sahihisho. Juzuu ya pili, ukurasa wa 212. Palipoandikwa kwamba nyumba ya mwashi iko Magna, pasomeke Parva."

"Ndiyo nini hii?" aliuliza.

"Ni sahihisho, bibi. Litabandikwa katika kila nakala. Nakala ziko mia moja na themanini. Nimeshabandika sabini."

"Nimezika mume kando ya malori, wewe unaniletea karatasi?"

"Sina kitu kingine ninachojua kukifanya," alisema Bwana Pegler.

Rosalind alimtazama sana. Sikujua kama angemchapa au angemfukuza. Mwishoni alikunja karatasi, akaiweka nyuma ya saa ya mezani, akamwambia aende kabla mvua haijaanza. Hakumsamehe. Nilimuuliza, akaniambia wazi: "Simsamehe ng'o." Lakini asubuhi iliyofuata gazeti la Bwana Pegler lilifika likiwa kavu. Rosalind alilipitisha kwenye dirisha la stoo, kwa sababu ndiko alikokuwa amelala mzee.

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa moja Rosalind aligonga kioo. "Umekufa?" aliuliza. "Bado," alijibu kutoka ndani. "Haya, chukua gazeti." Majani yalipopukutika akaanza kumwachia na supu. Baridi ilipoingia akaanza kumfokea. "Panda juu ukalale kwenye kitanda cha watu, we mzee mkaidi! Utaganda humo. Nani atakayejua?"

"Mimi nitajua," alikuwa akisema, halafu anakohoa.

Desemba kikohozi kilishuka kifuani. Daktari alikuja kutoka mjini, akaona kitanda stoo, akauliza kama mzee ana akili timamu. Philippa alirudia habari ya kuongeza mstari. Bwana Pegler akakataa mara ya pili, kwa maandishi.

Januari kulikuja wiki ambayo Sallow yenyewe iliganda, na maji kwenye mabomba yakaganda. Alhamisi ya wiki hiyo, saa moja na nusu asubuhi, Rosalind aligonga mlangoni kwangu. Gazeti lilikuwa bado mkononi mwake.

"Pegler amekufa," alisema. "Njoo na daftari lako."

Tulikwenda hadi nyumba nyeupe. Kitanda cha stoo kilikuwa kimetandikwa, blanketi limenyooshwa na kuchomekwa kila upande. Nilikigusa, kilikuwa baridi kuliko mawe. Rosalind akanionyesha ngazi kwa kidevu.

Alikuwa juu, kwenye kitanda kikubwa, amevaa koti na soksi mbili mbili. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono wake ukiwa juu ya mto wa pili, ule usio na mtu. Miguu yake alikuwa ameinyoosha yote. Sijui kilichompandisha ni baridi au ni Enid. Labda alitaka kupumzika saa moja tu, halafu ashuke kabla hakujakucha.

Rosalind alivuta shuka akamfunika nyayo.

"Amelala Magna," nilisema.

"Naona."

"Nitalazimika kuandika."

"Si ndiyo kazi yako?"

Nilifungua daftari kwenye meza ya kujipambia ya Enid. Kuna safu ya jina, safu ya tarehe, kisha safu ya alikolala usiku wa mwisho, kisha ya shahidi. Niliandika jina na tarehe, nikakwama. Rosalind alikuwa amesimama dirishani. Kutoka kwenye dirisha lile unaiona barabara kuu, na kando yake ukuta wa makaburi ya Magna, na asubuhi ile malori yalikuwa yanapita yamewasha taa. Alitazama huko kwa muda mrefu. Kama angeniambia niandike ukweli ningeuandika, na hakuna mtu Hoxley Parva ambaye angemlaumu. Bwana Pegler angekuwa wa kwanza kumshukuru.

"Nimekuja na gazeti saa moja," alisema bila kugeuka. Alikuwa anasema polepole, neno baada ya neno, ili niwahi kuandika. "Nimegonga dirisha la stoo. Hakuitika. Nimeingia. Nimemkuta stoo, kitandani mwake."

"Rosalind."

"Nimemkuta stoo, Lorna. Una kalamu au huna?"

Nikaandika. Machozi yalinitoka, na sikuwa nimetegemea hata siku moja kumlilia yule mzee. Kisha tukashuka, tukakivuruga kile kitanda cha chuma, yeye akilivuta blanketi na mimi nikiubonyeza mto kwa ngumi mpaka ukawa na shimo la kichwa. Daktari alipofika aliandika kwamba marehemu alifia nyumbani, maana daktari ni mtu wa mjini, na kwao nyumba ni nyumba tu.

Ijumaa nilimpelekea Philippa daftari atie sahihi. Alisoma mstari ule, akaona neno stoo, akainua macho kuniuliza jambo. Kisha akafika kwenye safu ya shahidi, akakuta jina la Rosalind Tanner. Akatia sahihi, akanirudishia daftari.

Tulimzika Jumatatu, kushoto kwa Enid. Wachimbaji walilalamika kwamba ardhi ni ngumu, na kwamba chini kuna maji. Bwana Pegler alikagua kumbukumbu za kijiji hiki mstari kwa mstari kwa miaka arobaini, na katika zote nijuavyo mimi uongo ni mstari mmoja tu, nao unamhusu yeye, kwa mwandiko wangu. Angekuwa hai, ungemuua.